Kutoa, kuosha au kubadilisha DPF: maswali ya wenye magari ya dizeli Arusha na Moshi

Maelezo haya yanawahusu wenye magari ya dizeli yaliyotumika Japan au Ulaya kabla ya kufika kwetu: Mazda CX-5, Prado ya 2.8, X-Trail ya dizeli, Pajero, BMW, Discovery, pamoja na Canter, Elf na Dyna za miaka ya karibuni. Wengi wakifika gereji huanza na swali moja: "Fundi, nitoe DPF gari lipate nguvu?" Kwa magari karibu yote ninayoyaona, jibu langu ni usitoe. Sababu ziko hapa chini, na pia namna ya kulirudisha gari kwenye nguvu zake bila grenda.

DPF ni nini, na iko wapi?

Ni kichujio cha masizi ya dizeli: boksi la chuma kwenye bomba la moshi. Kwenye magari mengi madogo limekaa nyuma tu ya turbo, kwenye mengine liko chini ya sakafu. Ndani yake kuna masega ya kauri yenye mirija myembamba mingi sana. Kila mrija umezibwa upande mmoja, na wa jirani umezibwa upande wa pili. Moshi ukiingia hauna pa kutokea ila kupenya kwenye kuta zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi inapita, masizi yanabaki. DPF nzima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya masizi.

Mitaani kila kitu kilichoko ndani ya ekzosi kinaitwa masega, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Masega ya katalisti, kifaa kingine cha ekzosi kinachosafisha gesi za moshi, yako wazi: ukimulika tochi upande huu unaona mwanga upande ule. DPF nzima haipitishi mwanga. Ukimulika DPF ukaona mwanga, imepasuka au kuna mtu alishaitoboa kabla hujalinunua gari.

Gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi likiwa na kichujio hiki lilikuwa Peugeot 607, mwaka 2000. Ulaya iliposhusha kiwango cha masizi hadi miligramu 5 kwa kilomita kuanzia 2009, watengenezaji hawakuwa na njia nyingine ila kuiweka. Japan nayo ilikaza masharti yake wakati huohuo. Kwa hiyo gari dogo la dizeli la 2010 kuja juu, kama limetoka huko, chukulia kwamba lina DPF mpaka uhakikishe vinginevyo.

Land Cruiser yangu ya kubebea watalii nayo inayo?

Kama injini ni 1HZ, hapana. Ni injini ya zamani, haina turbo wala kompyuta ya kusimamia jambo kama hili. Kwa Hilux na Prado mpya usibahatishe, maana gari lililotengenezwa kwa soko la Afrika na lililotoka Japan huweza kufanana kwa nje na kutofautiana chini. Ingia chini uangalie: boksi lenye sensa za joto na vibomba viwili vyembamba vinavyopanda kwenda kwenye sensa ya presha ndilo hilo.

Inajazwa na nini?

Na vitu viwili, na tofauti yake ndiyo inayoamua utalipa kiasi gani.

Cha kwanza ni masizi. Hayo ni kaboni ya dizeli ambayo haikuungua vizuri, na yanachomeka. Ukiwa kwenye mwendo mrefu wenye kazi, joto la ekzosi likifika kama nyuzi 250 hadi 400, yanaungua taratibu yenyewe kwa msaada wa katalisti. Yakizidi, kompyuta inaingilia kati: inapuliza dizeli ya ziada mwishoni mwa mzunguko, dizeli hiyo inaenda kuungua kwenye katalisti, joto ndani ya DPF linapanda hadi kama nyuzi 600, na masizi yanageuka gesi. Mafundi tunasema DPF inajichoma au inajisafisha.

Cha pili ni majivu. Haya hayatoki kwenye dizeli, yanatoka hasa kwenye oili ya injini. Viungo vinavyolinda vyuma, kama kalsiamu na zinki, vikiungua vinaacha majivu, na hakuna joto la gari litakaloyaondoa. Yanajikusanya kidogokidogo mwishoni mwa mirija kwa kilomita nyingi. Hayatoki mpaka DPF ifunguliwe na kuoshwa.

DPF iliyojaa masizi inasafishika hata ikiwa garini. Iliyojaa majivu lazima ishuke. Fundi anayekwambia "imejaa" bila kukwambia imejaa nini bado hajaipima.

Mbona Japan gari lilikuwa halina shida, hapa miezi michache tu taa imewaka?

Mara nyingi ni safari zenyewe. Gari linatoka Njiro asubuhi, linakaa kwenye foleni ya Mnara wa Saa, linazimwa, jioni linarudi. Au linatoka Rau kwenda Majengo, dakika chache tu, injini haijapata joto. Masizi yanaongezeka kila siku na nafasi ya kuyachoma haipatikani. Kompyuta inaanza kuchoma, wewe unafika unazima, kesho inaanza upya. Kuchoma kamili kunahitaji kama dakika 10 hadi 20 bila kukatizwa.

Sababu nyingine ni hali ambayo gari lilifika nayo: noseli zinazopuliza dizeli zimechoka, vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini imeganda kwa masizi, mpira wa intakula (kipozea hewa ya turbo) umelegea. Injini inatoa masizi kuliko ilivyopangiwa, na DPF inabebeshwa mzigo usio wake.

Nasikia dawa yake ni kulikimbiza. Nitalikimbiza wapi na vibao vya 50 kila kijiji?

Huhitaji kulikimbiza. Kinacholeta joto ni injini kufanya kazi, na hilo linawezekana ukiwa kilomita 50 kwa saa. Shusha gia. Kama ni otomatiki, hamishia kwenye gia za mkono uishike ya 3 au ya 4, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zikae kati ya 2,000 na 2,500 kwa mwendo usiokatika. Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, lakini Usa River, Tengeru na Boma ya Ng'ombe zinakatakata mwendo. Kwa mtu wa Arusha napendelea njia ya Kisongo kuelekea Makuyuni, kwa sababu ina vipande virefu vilivyo wazi. Wa Moshi aende Himo na kushuka kuelekea Mwanga. Kupanda Marangu kunaleta joto haraka, ila kushuka kunalipoza lote, hivyo si njia nzuri ya kumalizia kazi.

Fanya hivyo mara kwa mara kama maisha yako ni ya mjini tu. Na kama kila siku ni kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, nakushauri kwa moyo mmoja: gari lako lijalo liwe la petroli.

Nitajuaje kwamba inajichoma sasa hivi?

Magari mengi hayawashi taa yoyote. Feni inaunguruma hata kama hujatembea sana. RPM za injini isiyokanyagwa mafuta zinapanda kidogo. Ulaji wa mafuta wa papo hapo unaongezeka. Kwenye CX-5, mfumo wa kuzima injini yenyewe kwenye taa unaacha kufanya kazi. Ukishuka unasikia harufu ya chuma cha moto. Ukikutana na dalili hizi umebakiza mita chache kufika nyumbani, zunguka kidogo zaidi kabla ya kuzima.

Angalia pia unapoegesha. Ekzosi ikiwa kwenye hali hiyo inaweza kuwasha nyasi kavu au mabua ya mahindi.

Taa ya DPF imewaka. Leo nifanye nini?

Kama imewaka bila kupepesa na gari bado lina nguvu, angalia kwanza kiwango cha oili, kisha nenda safari ndefu kama nilivyoeleza. Ikianza kupepesa, au taa ya injini ikiwaka nayo na gari likajibana lisivuke mwendo fulani, usiendelee kulilazimisha. Kompyuta imeshakataa kuchoma yenyewe, na ina sababu: masizi yakiwa mengi kupita kiasi, yakishika moto kwa pamoja joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000 na kauri ikapasuka.

Hapa ndipo makosa makubwa yanapofanyika. Kuna mafundi wanaochomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari na kulazimisha kuchoma bila kuangalia DPF imejaa kiasi gani wala oili iko wapi. Kama oili imepanda kwa kuchanganyika na dizeli, injini inaweza kuanza kuila yenyewe, RPM zikapanda na ufunguo usiweze kuizima. Kabla hujamruhusu mtu kubonyeza, chomoa kijiti cha oili mbele yake mkiangalie pamoja.

Nikiitoa, nguvu zitaongezeka?

Kama DPF yako ni safi na injini ni nzima, tofauti utakayopata ni ndogo kiasi kwamba mguu wako hautaihisi. Mtengenezaji alipima nguvu za injini DPF ikiwa imefungwa. Zile zilizoandikwa kwenye karatasi za gari ni nguvu zenye DPF ndani.

Kama imejaa, ndiyo, ukiitoa gari litakimbia. Litakimbia vilevile ukiisafisha. Mtu aliyelitoa gereji likiwa jepesi anaamini DPF ndiyo iliyokuwa ikilibana, kumbe lilibanwa na masizi, na kilicholeta masizi bado kimo ndani ya injini. Noseli inaendelea kutiririsha, EGR inaendelea kuganda, turbo inaendelea kuvuja oili. Tofauti ni kwamba sasa hakuna taa ya kukuonya. Unakuja kugundua turbo ikiwa imekufa au pistoni imetoboka.

Halafu kuna programu. DPF haitoki kwa grenda tu, lazima kompyuta ya gari idanganywe isiitafute. Wengi hapa wanapakia faili la kuokota mtandaoni, lililotengenezwa kwa gari la mtu mwingine. Faili likiwa bovu, kompyuta inaendelea kupuliza dizeli ya kuchomea kitu ambacho hakipo. Dizeli hiyo inaosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Nimeona magari yaliyotolewa DPF yakinywa mafuta kuliko mwanzo, na mwenyewe anashangaa maana aliahidiwa kinyume chake.

Zile nguvu ambazo watu husimulia baada ya kutoa mara nyingi zimetokana na faili hilohilo kuongeza mafuta na presha ya turbo. Hilo ni jambo jingine kabisa, lina gharama yake kwa klachi, gia na turbo, na halihitaji DPF iondoke.

Basi gari likiwa zito niangalie nini kwanza?

Anza na vya bei nafuu. Filta ya hewa: ukitoka Karatu, Simanjiro au Mto wa Mbu wakati wa kiangazi, ifungue uione mwenyewe. Mipira ya intakula: pitisha mkono chini ya viungio, ukikuta oili mbichi imechanganyika na vumbi jua hewa inavuja hapo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na turbo tayari inafanya kazi ya ziada, kwa hiyo uvujaji mdogo ambao Tanga usingeusikia, hapa unaleta moshi mweusi na masizi.

Kisha angalia sensa ya presha ya DPF. Sensa hii inalinganisha presha kabla na baada ya kichujio kwa vibomba viwili vyenye mipira. Washa ufunguo bila kuwasha injini, usome kwenye mashine. Presha lazima iwe sifuri, maana hakuna moshi unaopita. Ikionyesha namba nyingine, sensa inadanganya, na kompyuta inafanya maamuzi yote kwa uongo huo.

Dada mmoja wa Moshi alileta CX-5 ambayo tayari alishapangiwa siku ya kukatwa DPF. Gari halivuki kilomita 60, taa zimewaka, ameambiwa imekufa. Kwenye mashine sensa ilikuwa inasoma namba zinazoruka. Tulipofuata mipira kwa vidole, mmoja ulikuwa umepasuka kwa nyuma, mahali unapogusana na chuma. Ukiutazama kwa juu ni mzima, ukiukunja unafunguka kama mdomo. Tulibadilisha mpira, tukafuta makosa kwenye kompyuta, tukalipeleka gari njiani likajichoma, likarudi na nguvu zake. DPF ile bado iko garini.

Ndipo zije noseli, EGR na turbo. Kwa CX-5 ongeza manifoldi ya hewa, yaani mirija inayoingiza hewa kwenye silinda, kwa sababu huziba kwa masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili mpaka njia ya hewa inabaki nyembamba. Kuisafisha ni kazi ya siku nzima, lakini utaiona faida yake kwenye mlima wa kwanza.

Fundi amesema atanitolea bure, yeye achukue masega tu.

Basi jua anacholipwa. Masega ya katalisti, na ya DPF nyingi, yamepakwa madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na wanunuzi wapo. Huduma ya bure hapo ni biashara ambayo wewe ndiye unayetoa mali. Kurudisha DPF mpya ya kampuni ni mamilioni ya shilingi. Mtu yeyote anayekushauri utoe kitu, kisha akaondoka nacho mfukoni, ushauri wake upime mara mbili.

Oili ya gari langu inapanda badala ya kupungua. Ni kawaida?

Si kawaida, ila inajulikana. Ile dizeli ya kuchomea DPF inapokatizwa mara kwa mara, sehemu yake inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. CX-5 ya dizeli ina alama ya X kwenye kijiti, juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia hapo, badilisha mara moja hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, haishiki vyuma, na beringi za turbo ndizo zinazoumia kwanza. Usiinyonye kidogo ili ishuke halafu uendelee. Imwage yote.

Nitumie oili gani?

Hili ndilo ninaloomba watu wasilipuuze, kwa sababu majivu karibu yote yanatoka hapa. Usiweke oili ya 40 ya dumu wala 15W-40 yoyote ile kwa sababu "ni ya dizeli". Angalia maandishi ya nyuma ya galoni. Magari madogo ya Kijapani yanataka iliyoandikwa JASO DL-1, ambayo majivu yake hayazidi takriban asilimia 0.6. Ya Kizungu mengi yanataka ACEA C3, isiyozidi 0.8, au namba nyingine ya kundi la C kama kitabu cha gari kinavyosema. Canter, Elf na Dyna zinataka JASO DH-2. Inauzwa ghali kidogo kuliko ya kawaida, lakini ndiyo inayoamua kama DPF itafika kilomita 200,000 au itakufa nusu ya njia.

Kuosha DPF kunafanyikaje?

Inashushwa. Kwanza inapimwa presha na uzito, halafu inachomwa kwenye tanuri au kulowekwa kwenye dawa yake, kisha inapulizwa kwa hewa na maji kutoka upande wa kutokea kuelekea upande wa kuingilia, kwa sababu majivu yamejipanga kwenye ncha zilizozibwa. Maji yanatoka meusi, baadaye ya kijivu kama ya saruji. Hayo ya kijivu ndiyo majivu, na ukiyaona ujue kazi inafanyika kweli. Inaoshwa mpaka maji yatoke safi, inakaushwa kabisa, inapimwa tena, ndipo irudi garini na hesabu za kompyuta zirudishwe mwanzo.

Isioshwe kwa petroli, wala kwa asidi ya betri, wala kwa mashine ya presha ya kuoshea magari iliyosogezwa karibu. Petroli inayobaki kwenye kuta inaweza kulipuka moto ukianza, asidi inakula lile pako la madini ya katalisti, na presha kali inavunja kuta za kauri. Muulize fundi kabla hujamwachia gari: utaiosha na nini, na utanionyesha vipimo vya kabla na baada?

Dawa za kumimina tangini zinasaidia?

Kidogo, kwa masizi tu. Zinashusha joto ambalo masizi huanza kuungua. Kwa majivu hazifanyi lolote, na hazitengenezi noseli iliyochakaa.

Lini ni lazima kubadilisha?

Ikiwa imepasuka, imeyeyuka, au imeoshwa vizuri na presha bado haishuki. Kipimo cha haraka cha kupasuka: pangusa ndani ya ncha ya ekzosi kwa kitambaa cheupe gari likiwa limepoa. Gari lenye DPF nzima huacha alama hafifu au haliachi kabisa. Kitambaa kikitoka cheusi tii, masizi yanapita.

Mpya ya kampuni ni ghali lakini hudumu. Za bei nafuu zisizo na jina nyingi zina kauri nyepesi na pako dogo la katalisti, kwa hiyo zinachelewa kushika joto na zinajichoma mara nyingi zaidi. Iliyotumika kutoka Japan inaweza kuwa chaguo zuri ukiikagua: isipitishe mwanga, isiwe na ufa wala alama ya kuchomelewa, ukiitikisa isilie ndani. Kama muuzaji anayo mizani, pima uzito ulinganishe na nyingine ya aina hiyohiyo, maana iliyojaa majivu ni nzito zaidi. Na usifunge yoyote kabla ya kutibu kilichoiua ya kwanza.

Dizeli yetu inafaa kwa DPF?

Ndiyo. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na DPF inavumilia hapo, ingawa Japan na Ulaya wako kwenye 10. Shida ni mafuta yaliyochakachuliwa na ya madumu ya barabarani, hasa karibu na mipaka ya Namanga na Holili. Jaza kituo kinachouza sana, na chukua risiti.

Canter yangu ina kitufe cha DPF. Nikibonyeze lini?

Taa yake ikianza kupepesa, usiahirishe. Egesha mahali pa wazi, kwenye lami au changarawe, mbali na nyasi, turubai na watu. Vuta breki ya mkono, gia iwe huru, bonyeza, uiache injini imalize yenyewe. Inaweza kuchukua nusu saa. Wanaobeba ndizi na mbao usiku hupenda kuruka hatua hii ili wawahi soko, na ndiyo sababu Canter nyingi zinafika gereji kwa kuvutwa.

Prado yangu inadai maji ya urea. Si naweza kukoroga mbolea?

Hapana, tafadhali. Prado ya 2.8 ya Japan kuanzia 2015 hutumia urea safi asilimia 32.5 kwenye maji yaliyoondolewa madini, inayopulizwa kwenye moshi kupunguza gesi zenye sumu. Urea ya shambani ina uchafu unaoganda kwenye pampu na noseli yake, na mfumo huo ni ghali. Nunua galoni iliyoandikwa AdBlue au ISO 22241.

Kuna sheria inayokataza kutoa?

Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za ubora wa hewa za 2007 zinazohusu pia moshi wa magari, na trafiki anaweza kukusimamisha kwa gari linalotoa moshi. Uingereza wao, tangu Februari 2014, gari lililotolewa DPF linaanguka kwenye ukaguzi wa kila mwaka.

Lakini hata asipokusimamisha mtu, fikiria moshi huo unaingia kwa nani. Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko unywele mara mamia, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Kwenye foleni ya Sakina au stendi ya Moshi asubuhi, ekzosi ya gari iko usawa wa uso wa mtoto anayesubiri daladala, na wa mama aliyekaa na beseni la ndizi. Hao hawana kioo cha kufunga. Mimi hili linaniuma, na ndiyo maana kazi ya kukata siifanyi.

Nilishatoa. Naweza kurudisha?

Unaweza. Kwanza muulize aliyekata kama boksi lilichomelewa likiwa tupu au masega bado yako mahali. Ukipata DPF ya kufunga, kompyuta lazima irudishiwe programu ya asili ya gari hilo. Kama aliyepakia alihifadhi nakala, idai, ni mali yako. Kisha badilisha oili uweke ile ya majivu machache, pima noseli na EGR, badilisha mipira ya sensa ya presha hata kama inaonekana mizima, ndipo DPF ifungwe. Baada ya hapo nenda safari ya kwanza ndefu ukiwa na mashine ya kupimia imechomekwa, fundi akiwa pembeni anasoma joto na presha, mpaka ijichome mara moja kikamilifu.